Beseni la Mama Feza

Mama Feza alipokufa mwaka huu, mimi nilicheka kwenye matanga yake, na sioni haya kulisema hilo. Tulikuwa tumeketi chini kwenye mikeka, saloni yake, sebule ya wageni, imeondolewa viti vyote kama desturi inavyotaka. Wamama wa kikundi chetu cha parokia waliimba kwa sauti za kuchoka, na mlangoni aliketi binti mmoja, Neema, mtoto wa Kiza fundi baiskeli, ameweka beseni la mchango magotini. Neema alilishika vibaya. Alilishika kwa mikono miwili kama mtu anayeomba maji. Mama Feza, miaka yote aliyotushikia beseni, alilishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili unapunga nzi, na uso wake umegeukia barabarani, ili wewe unayetoa usione kama ameona. Nikawaza: ee Feza, amka basi umufundishe huyu mutoto. Hapo kicheko kikanitoka. Mjukuu wangu Dorika, aliyeketi nyuma yangu, alinifinya mgongoni. "Koko, batu banaangalia," akaninong'oneza, maana Koko ndiyo jina wanaloniita wajukuu wote. Lakini nilipogeuka nikaona naye mabega yanamtikisika. Sote wawili tulikuwa tumekumbuka jambo moja, mwaka ule tulipofungua kazi ya odinateri, yaani kompyuta, katika saloni yangu, na siku ile Mama Feza aliponililia mimi.

Mwaka ule nilikuwa tayari mzee. Nywele zilikuwa nyeupe na magoti yalishaanza kunitabiria mvua. Lakini nikiulizwa ujana wangu ulikuwa lini, nasema ni mwaka ule, kwa sababu mwaka ambao mtu halali akijua kesho itamletea nani mlangoni, huo ndio ujana. Shuleni niliishia mwaka wa tatu, kwa mwalimu Silvano aliyekuwa na kikohozi, na sikupata kujua zaidi ya kuandika jina langu na kusoma majina ya wengine. Dorika yeye alikuwa ametoka kumaliza masomo yake ya odinateri. Alikuwa amezunguka biro zote za Bunia, ofisi kwa ofisi, na karatasi zake ndani ya bahasha, na kila biro ilimwambia, acha dosie hapa, tutakuita. Hakuna aliyeita. Akasuka watu nywele mpaka vidole vikavimba, akanunua odinateri moja iliyokwisha tumika na emprimante yake ya kutolea karatasi, akaziingiza nyumbani kwangu zimefungwa katika blanketi kama mtoto mgonjwa.

Baba yake, Jakisa, ni mwanangu wa kwanza. Ana depo kule Niania, ya sukari, sabuni na simenti, pale malori yanapopumzika. Alikuja kuziona zile mashini. Alizizunguka mara kadhaa huku mikono iko mgongoni, akagonga moja kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti, kisha akaketi. "Dorika," alisema, "mimi sitaki kelele. Nakupa mpaka Noeli. Kama hii kitu itaweza kujinunulia wino na karatasi yake yenyewe, utabaki. Kama inakuomba weye chakula, basi ni mutoto ingine, na mimi sitaki mutoto ingine. Utakuja Niania kukaa kwenye depo." Dorika alijibu, "Ndiyo, papa." Niliinuka nikaenda jikoni kuosha sahani zilizokuwa tayari safi. Nilikuwa najua maana yake. Dorika akienda Niania atauza sabuni mpaka asahau alichosomea, na mimi nitabaki katika nyumba ile nikipika sufuria ya mtu mmoja, kitu ambacho sijapata kukijua tangu nizaliwe.

Basi tukaanza. Saloni yangu ilikuwa na makochi mekundu, na kila kochi lilikuwa na kitambaa nilichofuma mwenyewe. Katikati meza ndogo, ukutani Bikira Maria na kalenda ya zamani niliyoipendea picha ya maua. Meza ya odinateri tuliisukuma chini ya dirisha. Ukutani tukapigilia shuka nyeupe kwa ajili ya picha za vitambulisho. Nyuma ya nyumba, karibu na choo, Dorika akaweka grupe ya umeme, jenereta, ikinguruma siku nzima kama mzee aliyekasirishwa na wakwe. Kwenye lango la parsele, kiwanja chetu, akatundika ubao: kuandika, kutoa karatasi, fotokopi, picha. Na watu wakaja! Nani alisema kazi itakosekana? Alikuja Mwalimu Ngabu, mkimbizi kutoka Djugu aliyekuwa akifundisha shule ya msingi kule kwetu Nyakasanza, na maswali ya mitihani ya darasa zima. Alikuja Lotsi, mchimba dhahabu wa Nizi, anataka picha ya kitambulisho na mashati matatu ya kuchagua. Alikuja Mama Apolina wa Marabo, muuza maharagi, na karatasi za ubatizo za watoto wake wote ili zitolewe fotokopi, na kila karatasi aliyoitoa alinieleza mtoto huyo alivyozaliwa. Majina hayo hayanitoki. Hata shati alilolichagua Lotsi nalikumbuka, lilikuwa la kijani, na halikuwa lake.

Shida ilikuwa mimi, ingawa mwanzoni sikujua. Kwetu mtu akipiga hodi mlangoni mwako na ukamkaribisha kwenye kochi, huyo ni mgeni. Hakuna jina lingine. Na mgeni akikaa mpaka harufu ya chakula imfikie, huwezi kumpeleka njiani na harufu puani. Kwa hiyo Dorika alipokuwa akipiga vidole kwenye mashini, mimi nilileta chai. Baada ya chai, mihogo. Na kama kazi ilikuwa ndefu, saa sita ikafika, nilitandaza bugali na sombe ya majani ya mihogo, siku nyingine na samaki wa ziwani waliokaushwa. Mwalimu Ngabu alikuwa na mkono mzuri wa kula, anafinyanga tonge polepole kama anasahihisha. "Koko," alikuwa akisema, "sombe hii ingefika kwetu wakati wa vita, watu wangeweka silaha chini." Basi ukishamsikia mtu hivyo, utampa kijiko kingine cha mchuzi au hutampa?

Kazi ikiisha, mgeni aliinuka, akafuta mikono, akapokea karatasi zake kwa shukrani nyingi, akatuombea baraka, akaenda. Pesa hakuna. Kesho yake alirudi, au alituma mtu, na kuku. Au nanasi. Mama Apolina alileta maharagi, gunia dogo lililoshonwa vizuri. Lotsi alileta jogoo mwekundu mwenye hasira aliyelala chini ya meza ya emprimante na kumdonoa kila aliyetaka fotokopi. Parsele yangu ilikuwa haijapata kuwa na mali vile. Mimi nilifurahi sana, nikadhani tunatajirika. Jioni moja Dorika alikaa kwenye kizingiti, kuku wamemzunguka, akasema, "Koko, kartushi ya wino haikulake mahindi." Nikamwambia tuuze kuku. Akasema, "Na nani atakaa sokoni kuuza kuku? Miye? Basi si bora niende Niania niuze sabuni?" Aliinama akaanza kulia kidogo, na yule jogoo wa Lotsi akatumia nafasi hiyo kumdonoa kisigino.

Alijaribu kila njia. Aliandika bei kwa herufi kubwa akazibandika karibu na Bikira Maria. Wageni walizisoma kwa sauti, wakazisifu kwamba zimeandikwa vizuri, kisha wakageuza macho, kama mtu anavyogeuza macho akiona nguo ya ndani ya mwenye nyumba imeanikwa. Alijaribu kuwaambia mwenyewe, "Ni pesa fulani, papa," na papa huyo alinitazama mimi kwa huruma, kana kwamba mjukuu wangu amenikosea adabu mbele yake, na kweli mimi nilihisi hivyo. "Dorika!" nilimkemea. "Mutu angali na bugali mukononi!" Ndiyo hivyo tukafika mwezi wa mwisho. Kwaya ya parokia ikaanza kujaribu nyimbo za Noeli, na kila nilipozisikia kutoka kanisani nilihesabu siku zilizobaki kwa vidole.

Ndipo Dorika akafanya mpango wake mkubwa. Asubuhi moja aliniketisha. "Koko, leo hapa si saloni. Leo ni biro. Makochi yote nayatoa nje. Batu bataketi pale kwenye parsele, kwa mustari, na mimi nitabaita moja moja. Jiko halitawashwa mpaka mutu wa mwisho aende. Na weye, Koko, nakuomba, utalala mu chumba yako. Batu bakikuona, bataona nyumba. Basikuone." Nilimtazama mtoto huyu. Nilitaka kumwambia maneno, lakini macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na Niania ilikuwa imekaa ndani ya macho hayo. Nikasema sawa. Akabeba makochi yangu mekundu nje, moja moja, akayapanga kando ya ukuta. Akafagia saloni ikabaki sakafu tupu na ile meza yake. Mimi nikaingia chumbani, nikajifunika kitenge mpaka kidevuni, pazia likashushwa. Grupe ikawashwa.

Wewe msomaji wa Bunia umeshaelewa. Sisi hatukuelewa. Nyumba ambayo viti vimetolewa nje. Jiko halitoi moshi na saa sita inakaribia. Grupe inanguruma tangu asubuhi. Watu wamekaa kimya kwa mstari, nyuso zimekunjamana, na mwenye nyumba haonekani. Watu wale walikunja nyuso kwa njaa, maana walizoea kwangu kupata chai, lakini nani atajua? Wa kwanza walikuwa wageni wawili kutoka njia ya Marabo ambao hawakutujua. Waliona nyumba ilivyo, wakavua kofia, wakakaa kwa heshima. Wa tatu aliwakuta wamevua kofia, naye akavua. Akaja Mwalimu Ngabu. Akasimama langoni. Akatazama makochi, akatazama bomba la jiko, akatazama kofia zilizo magotini. Nilisikia sauti yake ndogo: "Tangu lini?" Na mmoja wa wale wageni, ambaye alidhani anaulizwa amefika lini, akajibu, "Tangu asubuhi."

Mimi nilikuwa kitandani, dirisha la chumba changu linatazama parsele, na pamoja na kelele za grupe nilisikia vizuri, kwa sababu watu wa matanga huzungumza karibu na ukuta. Mwanzoni nilidhani kuna mtu amekufa kwa majirani. Nikaanza kumwombea. Mama Apolina alifika, akaambiwa, akapiga kelele moja fupi, kisha akashusha sauti. "Jumamosi tu alinipa samaki," alisema. "Samaki mukubwa. Chumvi ilikuwa mingi kidogo, Mungu amurehemu, lakini moyo!" Nikawaza, huyu marehemu anapika kama mimi. Lotsi wa Nizi akasema marehemu alimpenda sana jogoo wake. Nikaketi kitandani. Ndipo Mwalimu Ngabu, mtu aliyesoma, akasafisha koo na kuanza kusema juu ya marehemu kana kwamba padri amemwita. Alisema nilipokea watu bila kuuliza wanatoka kabila gani wala upande gani wa mto. Alisema alipofika Bunia na shati moja, watu walimpa maneno, na mimi nilimpa sahani. Machozi yalinitoka, nakuambia kweli. Si kila mtu anapewa nafasi ya kusikia hayo. Kisha akasema jambo ambalo nimelitunza mpaka leo. "Na miye kila siku nilitoka hapa na pesa mu mufuko, inaniunguza paja. Sasa utamulipaka aje mama mwenye amekulisha? Utoe franka na mukono ungali na sombe? Ni sawa unanunua bugali yake. Ni matusi." "Njo vile," akasema Mama Apolina. "Mimi nilileta maharagi ju ya kuona haya." "Na miye jogoo," akasema Lotsi.

Kumbe hawakuwa wagumu wa mkono! Walikuwa wananiheshimu. Miezi yote ile tulikuwa tunakaribia kufa njaa ya wino kwa sababu ya heshima.

Nilitaka kutoka niwaambie, lakini miguu ilikuwa imelala, na kabla sijapata kandambili zangu, Mama Feza aliingia langoni. Yeye alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mtunza mchango wa kikundi chetu. Palipo na matanga katika kartie yetu, mtaa mzima, hapo ndipo palipo na Mama Feza na beseni lake la enameli lenye maua. Alikuwa ameona jiko langu halitoi moshi. Alikuja na wamama wa kikundi nyuma yake, unga kichwani, kuni kichwani, na wimbo mdomoni. "Mama Jakisa eee!" alilia. "Umeniacha na nani? Nani atanigombeza sasa?" Maana mimi na yeye tuligombana kila juma juu ya kuku wake. Hata katika kilio aliweka beseni mlangoni, akaketi, uso ukageukia barabarani. Na watu, mmoja mmoja, wakainuka kwenye makochi yangu mekundu, wakapita mbele yake, wakatoa. Mwalimu Ngabu alitoa. Lotsi alitoa, akarudi akaongeza. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye pazia. Walitoa wepesi kabisa, bila haya, nyuso zao zimetua, kwa sababu mkono wa Feza si mkono wa mwenye nyumba.

Nilitoka. Nilikuwa nimevaa kitenge changu na kilemba kimelegea. Nikasimama kwenye kizingiti nikauliza, "Feza, nani amekufa?"

Sitaeleza kelele zile zote. Mama mmoja wa kwaya alitupa unga ukamwagika wote juu ya Lotsi. Wageni wa Marabo walitoka mbio na kofia za watu wengine. Mama Feza alianguka chali, lakini beseni alilishika juu, halikumwaga kitu. Kisha akafungua jicho moja. "Mama Jakisa," alisema akiwa bado amelala, "ni weye?" "Ni miye." "Hukukufa?" "Bado." Akakaa, akanitazama tangu kilemba mpaka vidole, akakasirika sana. "Sasa ju ya nini jiko haina moshi?" Dorika alitoka ndani na mafotokopi mkononi, hajasikia lolote kwa sababu ya mashini, akauliza, "Anayefuata ni nani?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye vumbi.

Kicheko kilipopungua, ikabaki shida ya beseni. Mchango wa matanga haurudishwi. Kwetu ukirudisha, ni kama unamwambia yule mtu, shika hii, utaihitaji kwako. Hakuna aliyetaka kurudishiwa, na Mama Feza, aliyekuwa amelifunika kwa kitambaa, hakukubali hata kulifunua. Ndipo Dorika, huyu ninayemsemesha sasa naye anaandika na kucheka, akasema polepole, "Basi isirudi. Kila mwenye alitoa, aseme kazi yake. Nitamufanyia." Mama Feza alimtazama. Mwalimu Ngabu alimtazama. "Mitihani yangu ya darasa la sita," akasema Mwalimu, na alinyoosha karatasi zake huku anatabasamu kama bwana harusi. Mchana ule Dorika alifanya kazi ya watu wote, na mimi nikawasha jiko, nikapika unga uliobaki wa matanga yangu, kila mtu akala. Kwa mara ya kwanza waliondoka kwangu wameshiba na pesa haiwaunguzi mapaja.

Kesho yake asubuhi, makochi yakiwa yamerudi ndani, Mama Feza alikuja bila kuitwa na kigoda chake na beseni lake, akaketi mlangoni, akageuza uso barabarani. "Unafanya nini hapa, Feza?" "Nakaa," alisema. "Kwangu kuna jua." Anayeingia alimsalimu, akatupia kitu kwenye beseni, akaingia akakaa kwenye kochi, akanywa chai, akaitwa, akapata karatasi zake. Mimi niliwapokea kama wageni kwa sababu walikuwa wageni. Jambo lao na beseni liliishia nje, kati yao na mtu asiye wa nyumba hii. Bei zilizobandikwa karibu na Bikira Maria, Dorika alizihamishia mlangoni, nyuma ya kichwa cha Feza, na hapo hazikumkera mtu.

Sasa, jambo ambalo hatukulijua ni kwamba habari haikucheka pamoja nasi. Ilikuwa imekwisha panda lori. Dereva mmoja aliyepita mtaani kwetu alisikia kilio, hakusubiri mwisho, akafika Niania akamwambia Jakisa, "Kaka, pole. Kwa mama yako kuna matanga." Jakisa alipiga simu, mtandao wa Niania ukakataa kama kawaida yake. Alifunga depo, akapanda lori la mbao lililokuwa linakuja Bunia, na mbuzi, na mfuko wa mchele.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa nimeketi karibu na dirisha la saloni nachambua maharagi ya Mama Apolina. Nikamwona mwanangu anaingia langoni. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na mashavuni vumbi lilikuwa na mifereji. Mama Feza alimwona, akafungua mdomo, lakini Jakisa hakumtazama. Aliinamisha kichwa, akaweka pesa kwenye beseni kwa mikono miwili kama mtoto mkubwa wa marehemu anavyopaswa, akapita. Akaingia. Akanikuta na ungo magotini.

Aliketi pale pale sakafuni, na buti zake. Nikasema, "Jakisa, umekula?" Hapo alilia kwa sauti, mwanamume wa miaka yake, na Mwalimu Ngabu aliyekuwa akisubiri kazi yake akatoka nje taratibu ili asimwone.

Alipomaliza kulia alikasirika, kama Feza alivyofanya. Nimeona ni desturi ya watu wanaokupenda. Aliuliza ni upuuzi gani huu, akaeleza barabara ilivyokuwa mbovu, akasema hiyo ndiyo faida ya mashini, kumfanya mama wa mtu marehemu. "Dorika, funga vitu vyako. Noeli haina maana tena." Akatoka mlangoni, akamwambia Mama Feza amrudishie pesa yake, kwa sababu hakuna aliyekufa. Mama Feza alipunga nzi. "Ya beseni hairudi, papa. Sema kazi."

"Kazi gani? Mimi sina kazi hapa!"

"Hakuna mutu mwenye hana kazi. Kaa kwenye kochi, fikiri."

Jakisa alikaa kwenye kochi, kati ya Lotsi na mama mmoja wa Marabo. Nilimletea chai na alikunywa bila kunitazama. Watu waliitwa, wakasogea kwenye mashini, wakatoka. Aliwaona wanavyopita kwenye beseni. Aliona Dorika anavyomketisha mtu mbele ya shuka nyeupe, anavyomwambia inua kidevu, na mchimbaji mkubwa wa Nizi anavyoinua kidevu kama mtoto wa shule. Zamu yake ilipofika Dorika alisimama kando ya mashini. "Anayefuata," alisema. "Papa."

Jakisa aliinuka. Alizungusha kofia yake mkononi. "Njiani," alisema, "tangu Mambasa mpaka Komanda, nilikuwa natafuta mu simu yangu picha ya mama, ya kuweka juu ya sanduku. Niko na picha za lori. Za depo. Za mifuko ya sukari, za simenti imeloa. Ya mama hakuna hata moja." Akaigeukia ile shuka nyeupe. "Mufanyieni picha. Kubwa."

Dorika aliniweka mbele ya shuka, akanirekebisha kilemba. Nilitaka kuvaa kitenge kingine, Jakisa akakataa, akasema hicho hicho cha maharagi. Dorika alipokwisha kupiga, baba yake alisimama nyuma ya mashini na mikono mgongoni kama siku ile ya kwanza. "Picha kubwa inakula wino," alisema. "Iko ya kutosha?"

Dorika alivuta droo. Kulikuwa na kartushi mpya, haijafunguliwa, na nyuma yake nyingine. Jakisa alichukua moja akaipima mkononi. "Pesa ya nani?" aliuliza.

"Ya mashini, papa."

Emprimante ikaanza. Nilitokea kichwa kwanza, kilemba, halafu macho, halafu mdomo uliokuwa umeanza kucheka kwa sababu Mama Feza alikuwa akinifanyia uso wa marehemu kutoka mlangoni. Jakisa alinipokea kwa viganja viwili akanipulizia ili nikauke.

Mbuzi wa matanga yangu nilimla mimi mwenyewe, na majirani, na wamama wa kikundi, na Mwalimu Ngabu akasema tena juu yangu, mara hii mbele yangu, na nilimwambia ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Asubuhi lori la mbao lilikuwa linarudi Niania tupu. Jakisa alipanda mbele karibu na dereva. Picha alikataa kuikunja. Aliilaza magotini, uso juu, na mikono yake pande mbili. Dorika alikuwa amesimama langoni peku, mswaki mdomoni, hajui kama akimbie akafunge vitu vyake au abaki. Nikamuuliza mwanangu kwa dirisha la lori, "Hujasahau kitu?"

Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, kisha akatazama magoti yake.

"Nabeba weye, mama," alisema. "Dorika abaki."